Majina Kwanza, Mashine Baadaye



Ndugu msomaji, majuma mawili yaliyopita safu hii ilizungumzia utunzaji wa hati za nyumba, vyeti vya ndoa na wasia. Baada ya makala ile, mama mmoja wa Igoma, hapa Mwanza, aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: “Na picha je? Albamu za marehemu mume wangu zimeanza kuliwa na unyevu. Vijana wananiambia niziingize kwenye kompyuta. Nianzie wapi?”

Nilimjibu kwa ufupi siku ile, kisha nikaona aibu, kwa kuwa jibu kamili ninalo na nililipata kwa gharama. Leo nitalieleza hadharani, huenda likaiokoa familia nyingine na kosa tulilolifanya sisi.

Baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa karani bandarini na alipenda kamera. Alituachia sanduku la bati lenye picha 2,140, kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1990: harusi, maulidi, safari za Ukerewe na Bukoba, wazee waliovaa kanzu na kofia za viua, watoto waliosimama mbele ya mawe ya ziwani. Kwa miaka mingi sanduku lile lilikaa chini ya kitanda. Mwaka 2023 tuliamua kulifungua.

Kabla sijaendelea, najua wapo watakaouliza juu ya hukumu ya picha zenyewe. Wanazuoni wamehitilafiana tangu kamera ilipoingia katika miji ya Waislamu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti‘i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne iliyopita, aliandika risala ya kuihalalisha picha ya kamera, akiona kwamba ni kuzuia kivuli wala si kuumba sura, wapo wengine waliolikaza jambo hili isipokuwa kwa dharura. Kila familia na imsikilize sheikh wake. Maneno yangu yanawahusu wale ambao picha tayari wanazo ndani na wanatafuta namna ya kuzihifadhi kwa heshima. Na wao pia, kama mtakavyoona, sharti la sitara haliwaepuki.

Tulianzia mwisho

Mpwa wangu alikuwa chuoni akisomea kompyuta. Alikuja na skana ya mezani na hamasa kubwa. Kuanzia Februari hadi Aprili tulizipitisha picha zote chini ya kioo, moja baada ya nyingine. Kazi ile kwa upande wa ufundi ilikuwa safi. Tulipomaliza tulikula ubwabwa, tukapongezana.

Kisha nikaifungua kompyuta ili nimtafute babu yangu mzaa mama, nikakuta orodha ya mafaili 2,140 ambayo majina yake yalikuwa namba tupu. Picha namba 0311 ilikuwa na wanawake saba kwenye jamvi. Nani ni nani? Picha namba 1207 ilimwonyesha mzee aliyeshika bakora mbele ya msikiti. Msikiti gani? Tulichokuwa tumefanya ni kulihamisha sanduku la bati kutoka chini ya kitanda na kulitia ndani ya kompyuta, likiwa limefungwa vilevile.

Tulikaa, mimi na ndugu zangu, tukazitambua picha takriban 700 ambazo watu wake tuliwajua wenyewe. Zilibaki 1,440. Mtu pekee aliyekuwa hai na mwenye kuzijua alikuwa Shangazi yetu wa Mirongo, dada yake Baba, ambaye wakati ule alikuwa amekwishapita miaka themanini.

“Shikamoo Shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Sasa ndiyo mmenikumbuka?”

Alisema kwa kucheka, lakini neno lile lilikuwa na haki yake. Miezi mitatu mizima tulikuwa tumeishughulisha mashine, na mwenye elimu yuko umbali wa dakika kumi kwa daladala.

Tulikubaliana tukutane kila Jumatatu na Alhamisi baada ya Alasiri, siku ambazo yeye alizoea kufunga; picha zilimsahaulisha njaa mpaka magharibi. Kila kikao tulipitia picha arobaini. Na hapo ndipo nilipojifunza kwamba picha bila msimulizi haisemi hata nusu ya jambo. Wale wanawake saba wa picha 0311 walikuwa katika arobaini ya bibi yetu. Wawili kati yao walikuwa wamegombana miaka sita, na siku ile walikaa jamvi moja kwa mara ya kwanza. Mzee wa bakora hakuwa jamaa yetu hata kidogo. Alikuwa mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Baba juzuu ya kwanza.

Shangazi alikuwa na desturi moja iliyonifunza jambo kubwa. Hakusema tu, “Huyu ni fulani.” Alisema, “Huyu ni fulani, namjua mwenyewe,” au, “Huyu nadhani ni fulani, mama aliniambia,” au, “Huyu simjui, msiandike.” Sisi Waislamu tuna elimu ya isnadi: habari haipokelewi mpaka ijulikane imetoka kwa nani. Tukaamua kila picha iandikwe jina la aliyeitambua, tarehe aliyoitambua, na kama ana hakika au anadhania. Anayekuja baada yetu atajua ni wapi anaweza kuegemea na wapi aulize tena.

Picha iliyotoka nje

Sasa niseme lile linaloniuma.

Shangazi alikuwa na binti mmoja. Binti yule alikuwemo ndani ya MV Bukoba, meli iliyozama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imekaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Wengi wa waliopatikana walizikwa Igoma, na wengi hawakupatikana kabisa. Binti wa Shangazi hakupatikana.

Ndani ya sanduku mlikuwa na picha yake moja, aliyopigwa ndani ya chumba cha wanawake katika harusi ya mwaka uliotangulia msiba. Amesukwa nywele, kichwa wazi, anacheka. Shangazi alipoiona alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, “Hii iwekeni, lakini ni yangu.”

Hatukuuliza maana ya “ni yangu.” Tarehe 21 Mei mpwa wangu, kwa nia njema kabisa, aliituma picha ile katika kundi la WhatsApp la ukoo, akiomba watu wamsomee marehemu Fatiha. Kundi lile lina watu zaidi ya mia, wengine ni wakwe na marafiki wa wakwe. Kufika jioni, picha ilikuwa imetoka nje ya ukoo. Jirani mmoja aliiweka kwenye simu yake pamoja na maneno ya rambirambi, kisha akamwonyesha Shangazi, akidhani atamfariji.

Nilipofika kwake kesho yake hakunifokea. Laiti angenifokea. Alisema, “Mwanangu, mwili wa mwanangu sikuuona. Sikumkosha, sikumvika sanda. Sitara yake ndiyo kitu pekee nilichobaki nacho cha kumtunzia, nanyi mmeifungua.”

Vikao vikakoma. Tuliifuta picha kundini, tukawapigia simu wote tuliowajua wafute, lakini kitu kilichokwisha kuruka kutoka simu hadi simu hakina wa kukirudisha. Tuliwatuma wazee wawili wa ukoo wakatuombee radhi. Shangazi alitusamehe baada ya Idi el-Hajj, na Jumatatu iliyofuata alinipigia mwenyewe, akaniuliza mbona sijaja.

Aliendelea nasi mpaka mwanzoni mwa Septemba. Mwisho wa mwezi wa Safar, mwaka uleule, Allah alimchukua.

Hesabu ni nyepesi na sijaisahau. Vikao vilivyopotea kwa sababu ya picha ile vilikuwa kumi na viwili. Kumi na viwili mara arobaini ni 480. Picha ambazo hadi leo hazina jina ni 440.

Utaratibu ninaousia

Kutokana na hayo, ndugu msomaji, huu ndio mpangilio ninaomshauri yule mama wa Igoma na kila mwenye sanduku kama letu.

Kwanza, majina na idhini. Kabla ya kununua au kuazima kifaa chochote, wafuateni wazee. Chukueni picha thelathini au arobaini, daftari na kalamu, na mkiweza rekodini sauti kwa simu baada ya kuomba ruhusa. Msimchoshe mzee, saa moja inatosha. Ulizeni mambo manne: nani, wapi, lini, na katika jambo gani. Kisha ulizeni la tano, ambalo sisi hatukuliuliza: nani aruhusiwe kuiona?

Gaweni picha katika mafungu matatu: ya watu wote, ya ukoo tu, na ya mwenyewe peke yake. Picha za wanawake wasiojisitiri, za vyumba vya harusi, za wagonjwa na za maiti zisiingie fungu la kwanza. Walio hai waulizwe wenyewe. Yawezekana binti aliyepigwa picha kichwa wazi mwaka 1974 leo ni hajati ambaye hapendi sura ile ionwe na wajukuu wa watu.

Pili, picha zenyewe. Nakala ya kompyuta haikuruhusu kuitupa ya karatasi. Zitoeni kwenye albamu za kurasa zenye gundi na nailoni, zilizopendwa sana miaka ya sabini na themanini, maana gundi ile huila picha. Ikiwa imeganda, msiivute. Pitisheni uzi mwembamba taratibu kati ya picha na ukurasa. Msiandike nyuma kwa kalamu ya wino. Tumieni penseli laini, pembeni, au mwandike juu ya bahasha. Hapa kwetu ziwani hewa ni nzito, kwa hiyo sanduku lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta. Negativu pia msizitupe. Aghalabu hutoa picha bora kuliko karatasi iliyofifia.

Tatu, skana. Picha ya ukubwa wa kawaida inatosha kwa nukta 300 kwa inchi, lakini zile ndogo za zamani, za pasipoti na za kitambulisho, zipeni 600 au zaidi ili uso uweze kukuzwa. Negativu zinahitaji nukta 2,400 na kuendelea. Nakala ya kuhifadhi iwekeni katika muundo wa TIFF, usiopunguza kitu. Ya kushirikiana iwe JPEG. Skanini na upande wa nyuma ukiwa na maandishi. Muhuri wa studio ni ushahidi.

Nne, programu. Sisi tunatumia digiKam. Ni ya bure, huwekwa kwenye kompyuta yenyewe, na haihitaji intaneti ili ifanye kazi, jambo ambalo kwa picha za familia lina uzito wake: picha zako hazilazimiki kwenda kukaa katika kompyuta ya watu usiowajua. Ndani yake kila picha hupewa lebo: watu, mahali, tukio, fungu la ruhusa. Ukibonyeza jina la mtu, picha zake zote hujikusanya, kuanzia utotoni hadi uzeeni. Programu hujifunza pia kuzitambua nyuso na kukupendekezea majina, lakini isiaminiwe peke yake. Kwetu iliwachanganya ndugu wawili waliofuatana, na ilimpa mjukuu jina la babu yake. Pendekezo la mashine nalo lihesabiwe dhana mpaka mtu alithibitishe.

Yapo mambo mawili ambayo wengi huteleza. Kwanza, kompyuta huiandikia picha tarehe ya siku iliyoskaniwa; usipoirekebisha, harusi ya 1962 itajipanga kana kwamba ilifungwa mwaka huu. Pale ambapo mwaka haujulikani vyema, andikeni katika maelezo “takriban 1965” wala msibuni tarehe kamili. Pili, hakikisheni katika mipangilio ya programu kwamba majina na maelezo yanaandikwa ndani ya faili la picha lenyewe, yasibaki katika kumbukumbu ya programu tu, ili picha ikihamia kompyuta nyingine ihame na habari zake. Aidha, mjue kwamba picha ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na maelezo yake ya ndani hupotea. Itumeni kama waraka.

Majina nayo yanataka nidhamu. Mtu mmoja kwetu aweza kuitwa Mama Asha, Bibi wa Kirumba, na jina lake la kuzaliwa ambalo vijana hawalijui. Chagueni jina moja la kudumu, la mtu na la baba yake, kisha lakabu zote ziandikwe kwenye maelezo.

Tano, nakala tatu. Moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, na ya tatu kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Tetemeko la Kagera la Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi Bukoba kwa dakika chache. Kilichokuwa ndani ya nyumba moja tu kilikuwa hatarini chote. Kila mwaka, kwa mfano baada ya Ramadhani, fungueni nakala hizo muone kama bado zinafunguka.

Ziwa lenyewe ni shahidi

Mtauliza, zile zisizo na msimulizi zifanyweje? Zisomwe kwa makini. Picha yenye MV Bukoba haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1979 au karibu na hapo, ilipojengwa, wala ya baada ya Mei 1996. Yenye magugu maji ufukweni si ya miaka ya sitini, kwa kuwa mmea ule ulianza kuonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya themanini. Fulana ya TANU hutupeleka kabla ya Februari 1977, ilipoundwa CCM. Hata kivuko cha Kigongo na Busisi, tulichokipanda jana tu, kimekwisha kuwa alama ya wakati, maana daraja lilifunguliwa mwaka 2025. Kwa njia hii tumezipatia picha nyingi muongo wake, ingawa majina bado.

Wala si familia tu zinazoifanya kazi hii. Ng’ambo ya ziwa, jijini Kampala, mwaka 2015 lilipatikana katika Shirika la Utangazaji la Uganda kabati lenye negativu takriban 70,000, nyingi zikiwa za enzi ya Idi Amin. Mwaka 2018, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Michigan na kile cha Western Australia, kazi ya kuzihamishia kwenye kompyuta ilianza, na mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda. Kilichowafaa zaidi wale mafundi ni kwamba wapiga picha wa zamani walikuwa wameziweka katika bahasha zilizoandikwa tarehe na tukio. Huko Lamu nako, miswada ya Msikiti Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, ilipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kunusuru nyaraka zilizo hatarini. Sharti la mpango ule ni kwamba asili haiondoki nchini mwake, inayosafiri ni nakala. Nalipenda sharti lile.

Kwa familia, sharti hilo hutuliza pia ugomvi wa mirathi. Nimeona ndugu wakigawana albamu moja kurasa kwa kurasa, mpaka picha ya baba na mama ikakatwa kati kwa mkasi. Asili ikae kwa mmoja mwenye amana, kwa makubaliano ya warithi wote, na kila mmoja apewe nakala sawa ya zile alizoruhusiwa kuziona.

Picha ya binti wa Shangazi tumeitoa kwenye kompyuta. Ya karatasi niliirudisha kwake mwenyewe alipokuwa hai, ndani ya bahasha, na alipofariki warithi wake waliniambia waliikuta ndani ya msahafu wake. Katika orodha yetu namba yake ipo, imeandikwa: “Ipo kwa mwenyewe. Haionyeshwi.”

Zile 440 tumezichapisha ndogo ndogo kwenye karatasi, kila moja na namba yake, na kila Idi tunazibeba barazani. Idi iliyopita mzee mmoja aliyetoka Nansio alizitambua nne. Zimebaki 436.

Mama wa Igoma, na kila msomaji mwenye mzazi au mzee aliye hai: wiki hii msinunue kitu. Chukueni picha kumi, mwende mkae naye baada ya Alasiri, mkamuulize.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, awafiche kwa sitara Yake waliozama na ziwa na waliozikwa ardhini, na atujaalie tuwe waaminifu wa amana walizotuachia. Amin.

Wabillahi tawfiq.